Baraza la Jamaa: Taya Likivimba, Msingoje Pamba Iuzwe

Wasomaji wapenzi, juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya visima na maji ya kunywa, na barua zenu juu ya jambo hilo ninazo, zimekijaza kikapu. Niwieni radhi. Leo nayaweka maji kando, kwa kuwa hapa kwetu Nkoma limetukia jambo lisiloweza kungoja zamu yake.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu. Watu walikuwa wakitawanyika, nami nilikuwa nimekwisha shika baiskeli yangu chini ya mkwaju, mara mama mmoja kijana akanifuata. Alimshika mkono mtoto wa kiume wa miaka sita hivi. Mtoto alikuwa amefunikwa kanga tangu kichwani hata shingoni kana kwamba anaona baridi, na jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, Mwalimu. Nitazamie huyu mjukuu wako."

"Marahaba, mayu. Ana nini?"

"Hataki tena kutafuna matobolwa. Nilidhani anadeka."

Akaifunua ile kanga. Shavu la kulia lilikuwa limejaa kama la mtoto aliyeficha embe dogo kinywani. Nikamwomba aachame. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na hilo si ajabu kwa mtoto wa umri ule. Lakini huko nyuma, upande wa uvimbe, magego yalikuwa yakicheza kama vigingi katika udongo uliolowa mvua. Gego moja lilikuwa limekwisha kung'olewa majuma mawili kabla, mahali ambapo sipataji. Walimng'oa jino, wakampa vidonge, wakamwambia aende nyumbani. Uvimbe haukujali.

Mimi si mganga wa hospitali. Ni mwalimu niliyestaafu, na maarifa yangu ya afya ni ya kusoma na kuuliza. Lakini jambo moja nililijua, na kila mzazi alijue: mtoto wa miaka sita hung'oka meno ya mbele. Magego yake ya utoto hayana haki ya kulegea mpaka akaribie miaka kumi. Magego yakicheza kabla ya wakati wake, na shavu likavimba, hilo si jino bovu tu. Kuna kitu ndani ya mfupa kinachoyasukuma.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao. Baba yake alinipokea vizuri, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mwalimu, nauli ya kwenda Mwanza, chakula cha huko, dawa, nitavipata wapi? Pamba ingali shambani. Ikiuzwa, nitampeleka." Nikahesabu kwa vidole. Pamba huanza kununuliwa mwezi wa tano, na fedha mara nyingine hukawia. Kando ya jiko alikuwapo mama yake huyo bwana, bibi mzee, amejiinamia, hasemi neno. Nilipotoka ndipo nilipoambiwa kwa siri kwamba jamaa walikwisha kwenda kupiga ramli, na aliyetajwa kuwa amemroga mtoto ni bibi huyu huyu. Macho yake ni mekundu. Mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua kwa miaka sitini angekuwa na macho ya rangi gani? Nanyi mwajua katika nchi yetu ya Usukuma neno kama hilo laweza kumpeleka mwanamke mzee wapi.

Basi nikarudi ndani, nikaomba kigoda, nikaketi, nikawaeleza wote, bibi naye akisikia. Maelezo yale ndiyo ninayowaandikia leo, pamoja na machache niliyoyasahau usiku ule.

Ugonjwa niliouhofia huitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe za damu zinazolinda mwili, na katika sehemu zetu hizi hupenda sana kuanzia katika mataya ya watoto, hasa wa miaka minne hata tisa. Mara nyingine huanzia tumboni, au husukuma jicho litoke nje. Katika saratani zote za binadamu, hii yatajwa miongoni mwa zile ziendazo mbio kupita nyingine: chembe zake zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Hebu fikirini sasa juu ya kungoja pamba. Uvimbe ulio kama embe leo, baada ya majuma machache hautakuwa na mfano wa tunda.

Na jinsi ugonjwa huu ulivyojulikana si habari ya Ulaya. Ni habari ya ziwa letu, ng'ambo yake na kandokando yake.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenziwe amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mwenziwe huyo alikuwa mpasuaji, jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliyepoteza jicho moja utotoni kwa kupigwa jiwe. Mtoto alikuwa na uvimbe katika pembe zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo. Jipu halitokei pembe nne kwa mara moja, wala saratani aliyoisoma vitabuni haikuwa na tabia hiyo. Alipiga picha, akaandika, akabaki na mashaka yake.

Majuma machache baadaye alikuwa akizuru hospitali ya Jinja. Akatazama nje dirishani, akamwona msichana mdogo ameketi majanini pamoja na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka mbio. Alipompapasa akaona na tumbo nalo lina uvimbe. Nadhani wengi wetu tungalisema, "Maskini, mwingine tena," tukaendelea na kazi. Yeye alirudi Kampala akaanza kufunua mafaili ya zamani. Kumbe watoto wa namna hii walikuwa wengi! Aliyevimba taya aliandikiwa ugonjwa mmoja, aliyevimba tumbo akaandikiwa mwingine, aliyetokwa jicho akaandikiwa wa tatu, na hapana aliyekuwa ameziweka karatasi zile pamoja juu ya meza moja. Mwaka 1958 alichapisha habari yake katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Mwaka 1960 mabingwa wa kupima nyama za mwili hapo hapo Kampala, O'Conor na Davies, wakaonyesha kwamba maradhi hayo ni limfoma.

Kisha likaja swali: ugonjwa huu wapatikana wapi, na wapi haupatikani? Burkitt alichapisha karatasi zenye picha, akazipeleka kwa hospitali nyingi za Afrika. Mwezi wa kumi mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu la Ford wakashika njia ya kusini. Walikwenda kilometa 16,000 hivi kwa muda wa majuma kumi, wakipitia Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji, mpaka nchi ya Afrika Kusini. Kila walipofika hospitali walitoa picha zao wakauliza: "Je, mmepata kuwaona watoto wa namna hii?" Williams alijua kutengeneza magari, na ninyi mnaojua barabara za masika mnafahamu kwamba hilo nalo ni sehemu ya utafiti.

Waliporudi waliweka alama katika ramani. Ikaonekana kwamba ugonjwa haupo nchi za baridi zilizoinuka sana, wala nchi kavu mno. Wapatikana penye joto na mvua, yaani mle mle mbu anamostawi. Nchi zinazolizunguka ziwa letu zimo ndani ya mkanda huo. Unguja na Pemba, ambako kwa miaka ile malaria ilikuwa imepigwa vita sana, ugonjwa ulikuwa haba ingawa joto na mvua vipo tele. Mwaka 1969 Burkitt mwenyewe aliandika kwamba yafaa malaria ishukiwe.

Lakini malaria haikuwa peke yake. Mwaka 1961 Burkitt alikuwa ametoa hotuba London, na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, akaenda kumsikiliza. Tangu siku ile akawa akiomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili na zaidi hakuona kitu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikageuzwa kwenda Manchester. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji ya bwawa. Mtu mwingine angaliyamwaga. Epstein akaweka tone chini ya darubini, akaona kwamba uchafu ule ni chembe hai za uvimbe, zinaelea. Kwa chembe hizo yeye na wenziwe, Bert Achong na Yvonne Barr, waliwaona mwaka 1964 virusi ambao mpaka leo huitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Walikuwa virusi wa kwanza kutambuliwa kuwa wanahusika na saratani ya binadamu.

Nilipofika hapo yule baba aliniuliza swali la akili: "Kama ni virusi, mbona wadogo zake wanalala naye kitanda kimoja? Watauguliwa wote?" La. Virusi hao karibu watu wote tunao, tuliwapata utotoni kwa mate, na kwa walio wengi hawafanyi lolote. Ni pale mtoto anaposhambuliwa na malaria mara kwa mara, kinga yake ikachoka na chembe zake za damu zikachochewa bila kupumzika, ndipo katika mtoto mmoja kati ya maelfu mengi chembe moja hukosea njia na kuanza kuzaana bila kizuizi. Uvimbe wenyewe hauambukizi. Mtoto asitengewe sahani, wala asifukuzwe kitandani kwa ndugu zake.

Hapo nilimwona yule bibi amekiinua kichwa chake.

Habari hii ya malaria ilitafutwa sana hapa nchini. Upande wa kaskazini wa mkoa wa Mara, penye hospitali ya Shirati ya Wamennonite, watafiti pamoja na Dokta Glen Brubaker waliwapa watoto wa chini ya miaka kumi vidonge vya klorokwini kila majuma mawili, tangu 1977 hata 1982, waone kama saratani ya taya itapungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, na malaria nayo baada ya muda ikapanda tena. Hawakuweza kukata shauri, wakaandika hivyo hivyo mwaka 1989. Mimi nawaheshimu watu wanaoandika kwamba kazi ya miaka mingi haikuwapa jibu kamili. Miaka ya baadaye, tangu 2010 hata 2016, utafiti mwingine mkubwa ulifanywa Uganda, Kenya na Tanzania, na hapa kwetu watoto waliandikishwa Shirati na Bugando.

Sasa tuje kwenye kisu, maana baba wa mtoto aliogopa kisu kuliko kitu kingine. "Watamkata uso," alisema, "atabaki nusu." Hofu hiyo ilikuwa na haki yake hapo kale. Burkitt alikuwa mpasuaji, na kazi ya mpasuaji ni kukata. Akikata taya la mtoto, uvimbe ulirudi upesi, au ulikuwa umekwisha kuingia figo na tumbo, na mtoto alikufa akiwa ameharibiwa uso. Mashine za kuchoma saratani kwa mionzi hazikuwapo Uganda siku zile. Ndipo madaktari kutoka Marekani walipompa dawa mpya za saratani azijaribu, na jambo likatukia lililowashangaza wote: uvimbe uliyeyuka. Watoto wengine walipewa dozi chache tu, wakaenda zao vijijini, na walipofuatwa baadaye wakakutwa wazima. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo kwa dawa, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Uingereza mwaka 1966, akajulikana tena kwa kuwahimiza Wazungu wale unga usiokobolewa kama watu aliowaona Afrika. Wenzangu mnaocheka ugali wa mtama, kumbukeni hilo.

Basi limfoma ya Burkitt hutibiwa kwa dawa, wala si kwa kulikata taya. Kisu hutumika kidogo tu, kuchukua kipande cha nyama kipimwe. Dawa hutolewa kwa mishipa na nyingine hudungwa mgongoni, kwa duru, siku kadhaa halafu mapumziko, halafu tena. Dokta Twalib Ngoma wa Ocean Road, Dar es Salaam, na wenziwe wa Kenya na Nigeria walitangaza mwaka 2012 matokeo ya wagonjwa 356 waliotibiwa kwa utaratibu mmoja. Baada ya miaka miwili, 62 katika kila 100 walikuwa hai. Sikumficha baba yule zile 38 nyingine. Nilimwambia pia kwamba asiyetibiwa kabisa hana hesabu ya namna hiyo, na kwamba kukatiza dawa kwa kuwa uvimbe umekwisha kuonekana ni kosa wanalolifanya wazazi wengi. Uvimbe huondoka machoni kabla haujaondoka mwilini.

Hapo sharti niseme juu ya uvimbe wa pili, maana mkisoma haya mtu mzima mwenye taya lililovimba aweza kudhani kwamba naye atapona kwa sindano. Sivyo.

Mnamjua yule bwana anayeuza kamba za ng'ombe mnadani. Jina simtaji, ingawa yeye mwenyewe hapendi siri. Kwa miaka tisa alijifunga kitambaa usoni. Uvimbe wake ulianza taratibu kwenye taya la chini, hauumi, hauna homa, akaambiwa ni jino, jino likang'olewa, uvimbe ukaendelea. Uliongezeka kidogo kidogo kila mwaka, mpaka akawa anakula uji tu na watoto wanamkimbia. Huo huitwa ameloblastoma. Hutoka katika mabaki ya zile chembe zinazotengeneza ngozi ngumu ya jino, kabla jino halijaota. Si saratani ya kusambaa mwilini kwa desturi, lakini hula mfupa wa taya na kuutanua kama mchwa katika nguzo. Dawa za saratani hazikuzoeleka kuwa tiba yake. Tiba yake ni kisu.

Na kisu chenyewe chataka shauri. Ukiukwangua tu uvimbe, mabaki hujificha katika vitundu vya mfupa na baada ya miaka huota tena. Huko ng'ambo mgonjwa aliyekwanguliwa huitwa kila mwaka apigwe picha ya mionzi, na mabaki yakionekana huondolewa yangali madogo. Mtu wa Nkoma atakwenda Dar es Salaam kila mwaka kupigwa picha, hali haumwi? Haendi. Atarudi baada ya miaka kumi amebeba uvimbe mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa hiyo kwa wagonjwa wengi wa nchi kama yetu ni afadhali mfupa ulioharibika ukatwe wote mara moja, pamoja na kiasi cha sentimeta moja ya mfupa mzima kila upande.

Lakini je, ukikata taya, uso utashikwa na nini? Taya la chini ndilo kiunzi cha nusu ya uso. Likiondoka kipande cha mbele, kidevu huporomoka, ulimi hurudi nyuma, mate hayazuiliki, maneno hayasikiki, na mtu hula kwa aibu mgongo ukiwa umewaelekea watu. Hapo ndipo penye kazi ya wajenzi wa uso. Katika chuo cha Muhimbili, Profesa Elison Simon na wenziwe, wakisaidiana na wapasuaji wa Uholanzi, walichapisha mwaka 2005 habari ya uvimbe wa namna hii hapa Tanzania, na ameloblastoma ndiyo iliyoongoza kwa mbali. Mwaka 2006 wakachapisha habari ya wagonjwa waliojengewa taya baada ya kukatwa.

Njia moja itumikayo ni hii. Mpasuaji hukata chini ya ukingo wa taya ili kovu lijifiche shingoni. Huchukua bamba la madini ya titaniamu, hulipinda lifuate mzunguko wa kidevu cha mtu yule yule, hulikaza kwa skrubu katika mifupa mizima iliyobaki pande mbili. Bamba hushika umbo, ila bamba peke yake si mfupa. Huweza kulegea au kuvunjika kwa kutafuna miaka mingi. Basi huchukuliwa mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa, mara nyingine papo hapo, mara nyingine baada ya miezi kidonda kikiwa kimepona, ukashindiliwa penye pengo. Mfupa huo ukipokelewa na mwili huungana na taya, na baadaye hata meno ya bandia yaweza kuwekwa juu yake. Iko na njia ngumu zaidi, aliyoieleza mpasuaji David Hidalgo wa New York mwaka 1989: huchukuliwa mfupa mwembamba wa mguuni pamoja na mishipa yake ya damu, ukakatwa na kupindwa kuwa taya, na mishipa ikashonwa na ya shingoni chini ya darubini. Kazi ya saa nyingi, yenye kutaka watu na vyombo visivyopatikana kila mahali.

Yule bwana wa kamba alijengewa kwa bamba na mfupa wa nyonga. Uso wake haukurudi kuwa ule wa ujana. Upande mmoja ni bapa kidogo na mdomo wa chini una ganzi. Lakini anakula ugali, na mnadani sauti yake twaisikia kuliko tunavyotaka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, uvimbe wa taya ni zaidi ya mmoja. Mmoja huenda mbio, wataka dawa, na kuukata ni kumharibu mtoto bure. Wa pili huenda polepole, wataka kisu na mjenzi mwenye ujuzi, na kumpa mtu dawa za saratani ni kumtesa bure. Na upo mwingine ulio jipu la jino bovu tu, ambao hupona jino likishughulikiwa. Kwa macho yangu ya mwalimu, na kwa macho ya mwenye ramli pia, yote ni shavu lililovimba. Kinachotenganisha ni kile kipande kidogo cha nyama kinachopimwa. Jino la mtoto likicheza pasipo wakati wake na shavu limevimba, jicho likitokeza, tumbo likijaa kwa siku chache, msikubali jino ling'olewe halafu mkarudishwa nyumbani bila neno lingine. Ombeni barua ya kwenda hospitali kubwa. Kutoka hapa njia ni Bariadi, Lamadi, Magu, mpaka Mwanza, na Bugando iko juu ya kilima chake, yaonekana toka mbali. Mkifika na hamna fedha, msijifiche. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjaikimbia hesabu. Tena msimpake mtoto dawa za kuchoma wala kumchanja chale juu ya uvimbe. Ngozi ikipasuka huingia usaha, na dawa za hospitali hushusha kinga, basi jeraha lile huwa mlango wa hatari.

Mtaniuliza yule baba alifanyaje. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba kulima kumekwisha kwa mwaka huu, na maksai mmoja ataishi bila mwenziwe. Aliuza mmoja siku ya mnada, na siku ya pili yake mama na mtoto wakapanda basi. Nyama ilipimwa, ikawa ndiyo ile niliyoihofia. Amekwisha kupata duru tatu za dawa. Mama yake hunipigia simu kila Jumamosi. Kabla ya juma la pili kwisha shavu lilikuwa limeshuka, kisha nywele zikang'oka, na mama akaniuliza kwa kunong'ona kama zitaota. Zitaota. Duru zilizobaki ni nyingi, na madaktari hawajasema amepona, wala mimi sitalisema.

Huku nyumbani, mtoto wao mdogo analala na bibi. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo barazani, ila mkewe alipoondoka baba ndiye aliyemkabidhi bibi mtoto, mbele ya majirani, akamwomba amtunze. Juzi bibi alinisimamisha njiani na kifurushi kilichofungwa kitambaani, akitafuta mtu aendaye Mwanza. Mtoto, kwa simu, ameomba matobolwa. Nimemwambia bibi ayachemshe kwanza yalainike, na mama amwonyeshe muuguzi kabla mtoto hajala.

Juma lijalo tutarudi visimani.